Kidonge ni Chako, Nguvu Yake ni ya Nani?



Katika majumba yetu dawa huombwa kwa jirani kama chumvi. Mtoto akikohoa, bibi huuliza ni nani aliyebakisha vidonge vya rangi mbili. Jirani hutoa vinne. Viwili humezwa, na viwili hufungwa karatasini vingoje maradhi ya siku nyengine. Ukimkataza mtu, hukujibu: "Nimenunua kwa pesa zangu, wewe yakuhusu nini?" Suali hili lataka jawabu.

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Watu husema, "Mwili wangu umeizoea dawa." Sivyo. Kinachozoea si mwili, ni vijidudu vya maradhi. Dawa hizi ziitwazo antibaiotiki huua vilivyo dhaifu. Vile vigumu vikisalimika huzaana, na hata hupeana usugu wao. Wala havikai kwako tu. Hupita kwa mikono, kwa maji na kwa vyoo, vikamwingia mwengine ambaye pengine hajapata kumeza hata kidonge kimoja. Ama mafua, hayo hutokana na virusi, na antibaiotiki haziviwezi virusi. Basi anayezimeza kwa mafua hapati faida, bali huvifundisha usugu vijidudu vilivyomo mwilini mwake.

Khatari hii haikujulikana jana. Alexander Fleming, tabibu aliyegundua penisilini mjini London mwaka 1928, alipopewa tunzo ya Nobel mwaka 1945 aliwahadharisha watu. Alipiga mfano wa mtu aliyeumwa na koo, akajinunulia penisilini, akatumia kidogo isiyotosha. Vijidudu vikawa sugu, naye akamwambukiza mkewe. Mke akapata homa ya mapafu, akatibiwa kwa penisilini isimfae kitu, akafa. Fleming akauliza ni nani wa kulaumiwa kwa mauti yale, na mwenyewe akamtaja mume.

Na aliyoyakhofia yametokea. Penisilini iliposhindwa na vijidudu vya vidonda mahospitalini, ilitengenezwa dawa nyengine, methisilini. Kufikia mwaka 1961, huko Uingereza vilikwisha onekana vijidudu visivyodhurika nayo. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka 2019 pekee watu 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu ya usugu huu. Na waumiao khasa ni wanyonge: mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya siku zake, mzazi aliyepasuliwa, mzee aliyetiwa mpira wa mkojo.

Basi jawabu ni hili: kidonge ni chako, lakini nguvu yake si yako. Mfano wake ni kisima cha wakfu. Maji uliyoyateka ni yako, kunywa na koga. Lakini huna ruhusa ya kukichafua kisima, hata ikiwa ndoo na kamba ni mali yako.

Utaniuliza: "Na yule mama ambaye pesa zake zatosha nusu ya dawa tu?" Huyo hawi sawa na mwenye uwezo aliyeacha kwa uvivu. Mzigo wake umetuangukia sisi majirani. Sadaka ya kumkamilishia dawa yake haimfai yeye peke yake, bali ni kinga ya mtaa mzima. Na mwenye duka anayemkatia vidonge vitatu, hali ajua kwamba havitoshi, asidhani kuwa faida ile ni safi.

Wala mtu asijitetee kwa kusema kwamba mauti ni kudura. Kudura ni ya Mwenyezi Mungu; uzembe ni wetu, na tutaulizwa.

Kwa hivyo tusinunue antibaiotiki pasi na kuandikiwa na tabibu. Tukiandikiwa, tuzitumie kama tulivyoambiwa, na mabaki tusigawane. Tukenda kumzuru mgonjwa wodini, tukoshe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika na baada yake. Umma unaotawadha kwa ajili ya Sala hauna udhuru wa kumwendea mgonjwa na mikono michafu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tusiwe sababu ya kuwafungia wenzetu mlango wa dawa. Amin.