Kiapo kwa Mgonjwa Anayeapa Kwamba Ni Mzima

Mwaka 1959 George Mackey, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikwenda kumjulia hali mwenzake John Nash katika Hospitali ya McLean, Massachusetts. Akamuuliza lililokuwa likimsumbua: mtu aliyeishi kwa kudai uthibitisho wa kila jambo anawezaje kuamini kwamba viumbe wa sayari za mbali wanamtumia ujumbe? Nash akamjibu kwamba mawazo hayo yalimjia kwa njia ile ile yalivyomjia mawazo yake ya hisabati. Ndiyo maana hakuyapuuza.

Anayeishi na mwenzi wa namna hii hapambani na ukaidi. Imani ile haina alama ya uongo kwa aliye nayo. Imetulia moyoni mwake kama wewe unavyojua jina la mama yako. Madaktari huiita anosognosia hali ya mgonjwa kutojitambua kuwa mgonjwa, na huwapata wengi wenye skizofrenia. Ukimwambia "unaumwa, twende hospitali", unamtaka akuamini wewe kuliko macho na masikio yake. Sasa mwenzi alazimishe, aondoke, au akae?

Alicia Nash, mke wa John, mzaliwa wa El Salvador aliyesomea fizikia, alifanya yote matatu.

Walioana mwaka 1957. Miaka miwili baadaye mumewe alikuwa akisoma ujumbe wa siri ndani ya gazeti la New York Times, na alikataa kazi Chicago kwa maelezo kwamba anatarajiwa kuwa Mfalme wa Antaktika. Aprili 1959 Alicia, mimba ikiwa pevu, akafanya mpango alazwe McLean bila ridhaa yake. Mtoto alizaliwa Mei. Nash alipotoka aliacha kazi, akaenda Ulaya kutaka kuukana uraia wa Marekani. Mwaka 1961 akalazwa tena kwa nguvu, safari hii katika hospitali ya serikali huko Trenton, ambako alidungwa insulini mpaka kuzimia, tiba iliyoaminiwa wakati ule. Kinyongo hakikumtoka, na ndoa ikavunjika mwaka 1963.

Mwaka 1970, Nash alipokuwa hana pa kujishikiza, Alicia alimpokea nyumbani kwake kama mpangaji. Hakulazwa tena, wala hakumeza tena dawa za skizofrenia.

Kiapo cha ndoa cha kanisani kinataja magonjwa na afya, lakini hakisemi lolote kuhusu mgonjwa anayeapa kwamba ni mzima. Waislamu wanaijua hadithi ya kalamu iliyoinuliwa kwa mtoto, aliyelala na asiye na akili timamu, maana yake hawaandikiwi dhambi. Aya ya 5 ya Surat An-Nisaa inakwenda mbali zaidi: asiyeweza kusimamia mali asikabidhiwe, ila alishwe, avishwe na aambiwe maneno mema. Hapo ndipo penye uzito. Unaweza kumnyang'anya mtu hati ya nyumba au ufunguo wa gari bila kumnyang'anya heshima, na vitu hivyo viwili huchanganywa kila siku katika nyumba zenye mgonjwa.

Sheria ya Marekani ilifikia jambo la jirani na hilo mwaka 1975. Kenneth Donaldson alikuwa amefungiwa katika hospitali ya Florida karibu miaka 15, baada ya baba yake mzazi kuomba alazwe. Mahakama ya Juu iliamua kwamba dola haiwezi kumfungia tu mtu asiye hatari, anayeweza kuishi salama peke yake au kwa msaada wa ndugu na marafiki walio tayari. Kwa maneno mengine, nyumba yenye mtu aliye tayari ina uzito mbele ya sheria.

Kulazimisha kunahalalika pale penye hatari ya kweli: kisu, njaa, mtoto mchanga ndani ya nyumba. Nje ya hapo, kazi ni ya subira. Mwanasaikolojia Xavier Amador, ambaye kaka yake aliugua skizofrenia, anafundisha familia kusikiliza bila kubisha wala kukubali uongo, kisha kutafuta neno moja wanalokubaliana wote, hata kama ni usingizi tu. Mtu anaweza kukubali dawa ya usingizi miaka mingi kabla ya kukubali jina la ugonjwa.

Nash asigeuzwe hoja ya kuacha dawa. Dawa huwasaidia wengi, na yeye alikuwa na chuo kizima, Princeton, kilichomwacha azurure korido zake bila kumfukuza. Lakini filamu ya mwaka 2001 iliyomwonyesha akisema anatumia dawa mpya haikusema kweli. Mwenyewe alieleza kwamba alianza taratibu kuzikataa fikra zile kwa akili yake. Mwaka 1994 akapata Nobeli. Mwaka 2001 akamwoa Alicia mara ya pili.

Tarehe 23 Mei 2015 walikufa pamoja katika ajali ya teksi New Jersey, wakitoka kupokea Tuzo ya Abel nchini Norway. Nyuma yao alibaki mtoto yule wa Mei 1959, mwenye shahada ya uzamivu ya hisabati na skizofrenia kama ya baba yake, aliyekuwa akiishi nao na kutunzwa na Alicia.