Moto Huu Ni wa Nani?

Wiki hii naomba nianze kwa kukiri kosa, kisha tufikirie pamoja swali ambalo kosa hilo liliniachia.

Miaka miwili iliyopita, dada mmoja wa kanisa letu alipoteza kibanda chake cha mitumba sokoni. Moto ulishika usiku, na kufikia alfajiri kilichobaki ni mabati yaliyojikunja. Mle ndani mlikuwa na marobota mawili ya pesa za mkopo wa chama. Jumapili nilimwita mbele tumwombee, na maikrofoni ikiwa mkononi nikatamka: huu ni moto wa Mungu, anakusafisha akupeleke kiwango kingine. Kanisa likaitikia "Amina!" Wengine wakapaza sauti, "Moto! Moto!" Yeye akasema tu, "Asante, Pasta." Baada ya Jumapili tatu hatukumwona tena.

Kusema ukweli, niliendelea kuamini kwamba nilisema neno zuri. Mpaka mwaka jana, nilipotembea kwenye mchanga.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi huko Florida, Marekani. Nilipomtembelea, Jumamosi moja alinipeleka Lake Wales Ridge, tuta refu la mchanga katikati ya jimbo hilo. Zamani sana, bahari ilipokuwa juu kuliko leo, sehemu za tuta hilo zilibaki kama visiwa, ndiyo maana kuna mimea na wanyama huko ambao huwapati kwingine duniani. Njia yetu ilikuwa ya kuzunguka, unarudi palepale ulipoanzia. Mchanga ni mweupe kama sukari, na ukipiga hatua moja unarudi nusu. Dada akaangalia miguu yangu akacheka: "Pasta, hizo viatu za kanisa zitakufia hapa."

Nilitarajia msitu, nikakuta vichaka. Kuna mialoni, jamaa ya ile tunayosoma habari zake pale Mamre, lakini hii ilinifika kifuani tu. Mimi nilisomea biashara, kwa hiyo nikapiga hesabu haraka: hapa ni mahali bure. Wengi walipiga hesabu hiyo kabla yangu. Sehemu kubwa ya vichaka vya tuta hilo ilishafyekwa zamani, ikawa mashamba ya machungwa na mitaa ya nyumba.

Tulipofika kona moja, upande wa kushoto palikuwa peusi. Pameungua. Hapo tulimkuta mzee mmoja wa kujitolea, darubini shingoni, akiangalia ndege wa rangi ya buluu na kijivu. Ni skrabu-jei wa Florida, hapatikani nje ya jimbo hilo, na tangu 1987 serikali ya Marekani imemweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Ndege hawa wanaishi kifamilia. Vijana wanabaki nyumbani mwaka mmoja au zaidi wakisaidia wazazi kulea wadogo wao, na mmoja hukaa juu akilinda wengine wakila. Wanafukia maelfu ya mbegu za mwaloni mchangani, akiba ya siku za njaa.

Nikauliza, sasa mbona mmewachomea nyumba? Mzee akatabasamu. Akanieleza kwamba vichaka hivi vinahitaji moto. Usipopita kwa miaka mingi, mialoni inarefuka, mchanga unafunikwa, na ndege hawa wanapahama. Mwaloni ukiungua unachipua tena kutoka mizizini. Kuna misonobari ya huko ambayo koni zake hufunguka kwa joto la moto, ndipo mbegu zinadondoka.

Wapendwa, nilifurahi mno! Nikatoa simu nikaandika: "Mahubiri. Moto unaosafisha." Nikajiona nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nikamwambia mzee, "Kwa hiyo mnauacha tu uwake?"

Tabasamu likaisha. "Hapana," akasema, "hata kidogo."

Akaanza kunihesabia. Kwanza kuna mpango ulioandikwa. Kuna kibali. Wanapima upepo na unyevu wa hewa, na siku ikikataa wanarudi nyumbani. Wanafyeka ukanda mpaka mchanga mtupu ili moto usivuke. Hawachomi pote, wanachoma kipande na kuacha kipande, ili mwenye mabawa au miguu apate pa kukimbilia. Watu wanasimama na maji, na hawaondoki mpaka wahakikishe umezima. Florida ina sheria juu ya kazi hii tangu 1990. Moto usio na mambo hayo, akasema, hatuuiti dawa.

Nikabaki nimeshika simu. Ule moto wa sokoni ulikuwa na mpango gani? Nani alipima upepo? Nani alisimama na maji? Na baada ya kuzima, nani alibaki? Mimi nilibaki dakika tatu, na maikrofoni.

Tukaendelea kutembea. Mzee akanionyesha kichaka kingine, rosemari ya Florida. Huo ukiungua hauchipui. Unakufa. Zinazoota baadaye ni mbegu zake zilizolala mchangani. Hapo ndipo swali lilinibana. Ukiuliza kama moto ni mzuri kwa vichaka vyote kwa jumla, jibu ni ndiyo. Ukiuliza ule mti mmoja, jibu ni lingine. Sisi watu wa hesabu tunapenda jumla: mwisho wa mwaka hasara inafunikwa na faida, ukurasa unafungwa. Lakini Yule tunayemhubiri hahesabu hivyo. Katika Luka 15 anaacha tisini na tisa anamfuata mmoja. Kwa hiyo siwezi kumchukua mtu mmoja aliyeungua nikamfariji kwa hesabu ya msitu mzima.

Mtu ataniuliza, Pasta, kwani Mungu hawezi kutoa jema kwenye baya? Anaweza, na nimeona. Lakini jema kufuata baya hakulifanyi lile baya kuwa jema, na hakumpi kila mtu ruhusa ya kulitangaza. Tazameni Yusufu. Mwishoni mwa Mwanzo ni yeye anayewaambia ndugu zake kwamba walikusudia mabaya na Mungu akayageuza kuwa mema. Yeye aliyetupwa shimoni ndiye anasema. Hebu fikiria ndugu zake wangesimama ukingoni mwa lile shimo wakamwambia, "Tulia, kijana, hii ni njia ya ikulu." Maneno yangekuwa karibu yaleyale, lakini yangekuwa ukatili. Ushuhuda ni mali ya aliyeungua. Akiutoa mwenyewe, tuseme amina. Tukimtolea sisi, tumemwibia.

Tena, katika Ayubu 1, mtumishi anakuja mbio kusema moto wa Mungu umeshuka na kuteketeza kondoo. Mtumishi anasema hivyo, lakini sisi tunaosoma sura nzima tunajua mkono uliofanya kazi siku ile ulikuwa wa nani. Inawezekana kabisa kukosea jina la moto.

Karibu na mwisho wa njia tuliona shimo mchangani. Ni la kobe, linaweza kuingia ndani mita nyingi. Zaidi ya aina 350 za viumbe wameonekana wakitumia mashimo ya kobe hao: nyoka, vyura, panya, wadudu. Moto ukipita juu, wengi hujificha humo. Kobe hamuulizi chura kwa nini moto umekuja. Shimo lipo, basi.

Niliporudi nyumbani nilimtafuta yule dada. Sikwenda na mafundisho. Nilimwomba msamaha, nikakaa. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Ulisema vizuri, Pasta. Lakini hukuniuliza kama watoto wamekula."

Siku hizi anaabudu kwingine, karibu na kwake, na sikumbembeleza arudi. Ushirika wetu wa nyumbani ulichangia kumalizia deni la chama. Lilikuwa limebaki kidogo, alikuwa amelilipa karibu lote peke yake. Hilo liliniuma kuliko yote.

Kwa hiyo, wapendwa, wiki hii jirani akipatwa na jambo, tusikimbilie kumweleza moto ni wa nani. Tuulize wamekula nini, wanalala wapi, deni ni la lini. Tubaki mpaka uzime. Kama Mungu atatoa jambo jema humo, mwenyewe atatusimulia siku yake ikifika, na sisi tutakuwepo kusikia.