Pumba Hazina Zaka

Hapa mtaani Buyenzi chai ya alfajiri, maharagwe ya mchana na wali wa harusi vyote hupikwa kwa makaa, na makaa hayo ni mikaratusi ya milimani inayokatwa kabla haijanenepa. Nilipoanza kuuza briketi za pumba za mpunga, majirani waliniombea dua. Pumba nazitoa kwenye mashine za kukoboa upande wa Gihanga, katika bonde la Imbo, zinakorundikana kama vichuguu: kila kilo 100 za mpunga, karibu 20 ni ganda.

Sasa mkulima mmoja amenijia. "Mama, nikuletee na majani yenyewe? Tukishavuna yanalala tu shambani." Bei yake nzuri. Nikamwambia asubiri nimuulize sheikh. Akacheka, akidhani namkwepa.

Mpunga una zaka: sehemu ya kumi ukinyweshwa na mvua, nusu ya hiyo ukimwagiliwa kwa gharama. Na majani je? Sheikh hakufungua hata kitabu. Majani hayana zaka. Pumba nazo hazihesabiwi: kwetu sisi wafuasi wa Imamu Shafi, mpunga uliowekwa na ganda lake hauna zaka mpaka ufike wasaki (kipimo cha nafaka) 10 badala ya 5, kwa kuwa ganda si chakula.

Jibu sahihi, nami nimelipokea. Ila wanazuoni waliotoa hukumu hiyo hawakuona lori likija kupakia majani ya shamba zima kwa ajili ya jiko la mjini. Majani yalioza pale pale, au yaliliwa na ng'ombe yakarudi samadi. Ardhi ililipwa bila mtu kutia nia. Leo ni mimi niliyeyapa bei. Nikiyaondoa naondoka na potasiamu, maana sehemu kubwa ya potasiamu inayovutwa na mpunga hukaa kwenye majani, si kwenye punje. Majivu naweza kuyarudisha. Naitrojeni itakuwa imekwenda na moshi, na ile mboji inayoshika maji udongoni haitokani na majivu.

Wapo wanaosema haki ni ya wenye roho tu. Mbona basi tunafundishwa kuwa Siku ya Kiyama ardhi itaeleza yaliyotendwa juu yake? Shahidi huyo mimi namwogopa. Jirani yangu Mkatoliki akaniongezea kwamba Torati iliipa ardhi mapumziko yake kila mwaka wa saba. Yake yenyewe, si ya mkulima.

Pumba nazichoma kwa moyo mweupe: zimekwisha kutoka shambani, zimejaa silika, kuoza kwake ni taabu. Majani nilimwambia mkulima abaki nayo. Akanijibu, nisiponunua atayatia moto palepale, apate kupanda upesi.

Hapo nilinyamaza. Baadaye nikampa shauri: nitachukua nusu, nusu ayafukie, na lori likienda kufuata pumba limpelekee majivu ya wateja wangu. Anataka kujua nitamlipa kiasi gani kuyamwaga.