Kanyaga, Dere

Mtaani kwetu Umoja, mtu akiendesha gari kama amefukuzwa na nyuki ataulizwa kama anajifanya Patrick Njiru, yule aliyetuwakilisha ndani ya Subaru miaka ya tisini. Wazee wa Jericho na Maringo watamwita Joginder. Ajabu ni kwamba jina hilo moja linasifu na kutukana. "Huyo dere ni Joginder kabisa" ni sifa ukiwa umefika tao kabla ya saa mbili na bosi bado hajafungua ofisi. Ni tusi ukiwa umelala Mama Lucy mguu umefungwa plasta. Dereva ni yuleyule, mwendo ni uleule. Kilichobadilika ni mwisho wa safari tu.

Basi swali langu ni hili: kwa nini mwendo wa kasi ni ushujaa kwa mmoja na uhalifu kwa mwingine? Jibu la haraka ni kwamba mmoja yuko mashindanoni na mwingine yuko Jogoo Road. Sawa. Lakini jibu hilo linaficha mambo mengi, na mengine yanatuhusu sisi tunaokaa viti vya nyuma.

Tuanze na mwenye jina. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932. Alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa, na aliwahi kufanya doria ya chama cha magari, kazi ya kuwaokoa watu waliokwama barabarani. Mwaka 1965 alishinda Safari Rally pamoja na nduguye Jaswant ndani ya Volvo PV544. Gari lenyewe halikuwa jipya. Lilikuwa limepata ajali katika Safari ya mwaka uliotangulia mikononi mwa Mswidi Tom Trana, Joginder akalichukua, akalitengeneza, akashinda nalo. Akarudia ushindi mwaka 1974 na 1976 ndani ya Mitsubishi Lancer. Mitaani watu hukumbuka hizo tatu. Mimi hukumbuka hesabu nyingine: aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19.

Kama hujui Safari ya zamani ilivyokuwa, hesabu hiyo haitakushtua. Yalikuwa mashindano ya kilomita elfu kadhaa, wakati wa Pasaka, yaani msimu wa mvua, usiku na mchana, matope mpaka mlangoni, mito iliyobeba madaraja. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu. Mwaka 1968, saba tena. Waliokuwa na kasi kuliko wote walikuwa wengi, na wengi wao walilala mtaroni. Kwa miaka karibu ishirini, tangu mashindano yaanze mwaka 1953, madereva wakubwa wa Ulaya walikuja na kurudi mikono mitupu, mpaka Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda mwaka 1972. Hawakushindwa kukanyaga mafuta. Walishindwa kujua ni wapi pa kuacha.

Shekhar Mehta naye aliyajua haya. Alizaliwa Uganda mwaka 1945 katika ile familia ya sukari, na Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 alihamia Kenya. Mwaka uliofuata alishinda Safari na Datsun 240Z, akisomewa njia na Lofty Drews. Ushindi wenyewe ulikuwa mwembamba kama uzi: yeye na Harry Källström walimaliza wakiwa na alama za adhabu sawasawa, na ikabidi itazamwe nani alienda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mehta ndiye aliyekaa safi muda mrefu. Halafu akaja kushinda 1979, 1980, 1981 na 1982, mfululizo, na Mike Doughty kando yake. Jumla mara tano. Ukisikiliza vijana wa Buru wakimtaja utadhani alikuwa mtu wa kuvunja gia. Mtu wa kuvunja gia hashindi Safari mara nne mfululizo. Angeachwa na gari porini mwaka wa kwanza tu.

Kwa hivyo yule tunayemwita Joginder pale Donholm, anayepanda kando ya barabara akiwapangusa wapita njia vumbi, hamfanani Joginder hata kwa bahati mbaya. Joginder wa kweli alilionea gari huruma. Alilisikiliza. Alijua springi itavunjika kabla haijavunjika, kwa sababu alikuwa ameshazibadilisha nyingi kwa mikono yake. Ujasiri wake ulikuwa na hofu ndani yake, kama chumvi kwenye chakula. Sijui ni lini tuliamua kwamba jasiri ni mtu asiyeogopa. Asiyeogopa ni mtoto, au mlevi.

Hapa ningeweza kumaliza, niseme bingwa ni mtu wa kiasi na dere wa matatu ajifunze kwake. Lakini kuna kitu kinanikera.

Tunasema dereva wa rali ana haki ya kuhatarisha maisha kwa sababu ni maisha yake. Yeye na msoma ramani wake wamevaa helmeti, wamekubali kwa hiari. Abiria wa matatu hakukubali. Vizuri. Hata hivyo ile Safari ya kina Joginder ilipita kwenye barabara za umma, zilezile za watu kwenda sokoni na watoto kwenda kisimani. Ng'ombe hakutia saini popote. Mama aliyekuwa akivuka na kuni hakuulizwa. Siku hizi mashindano yamerudi, tangu 2021, yako Naivasha, njia zimefungwa na watazamaji wamewekwa nyuma ya utepe. Ni vyema. Lakini magwiji wetu, wale ambao picha zao ziko vichwani mwa wazee wetu, walipata sifa zao katikati ya watu ambao hawakukubali chochote. Siwezi kuwasafisha kabisa kwa sababu tu nawapenda. Nasema pia kwamba waliokuwa kando ya barabara walisherehekea, walipanda miti kuwaona, na kusherehekea si kukubali kugongwa.

Na abiria wa matatu, je, kweli hakukubali? Mimi ni mtu wa Umoja. Najua jinsi tunavyochagua. Pale steji kuna mathree mbili, moja ni kuukuu inatembea kama maiti inasindikizwa, nyingine ni nganya, muziki unatikisa mbavu, dere ni kijana wa kofia nyuma. Nauli ni ileile. Foleni iko kwa nganya. Ukiwa ndani, jam ikishika pale City Stadium, utasikia sauti kutoka nyuma: "Dere, kanyaga bana, tumechelewa!" Akipanda juu ya ukingo watu watatulia, wengine watacheka. Watapiga kelele siku gari litakapolala ubavu. Siku hiyo kila mtu atakuwa alimwambia apunguze.

Sasa nimfikie yule mvulana. Alikuwa wa ploti yetu, wa darasa la sita. Aligongwa na matatu Outering akivuka kwenda dukani, chini kabisa, mbali na daraja la waenda kwa miguu, kwa sababu kutembea hadi darajani na kurudi ni safari nyingine. Hakupona. Dere aliyemgonga tulimjua. Hakuwa amelewa. Hakuwa anakimbia kuliko siku nyingine. Alhamisi ya wiki iliyotangulia, kwenye barabara ileile, kwa mwendo uleule, jirani yangu mmoja alimpa konda wake shilingi hamsini zaidi kwa kumwahisha mahojiano ya kazi. Alipata kazi hiyo. Mpaka leo anaifanya.

Watu wa falsafa wana jina la jambo hili: bahati katika maadili. Mwaka 1976 Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika makala mbili za kujibizana juu yake, na wote wawili walitumia mfano wa dereva wa lori aliyemgonga mtoto. Niliisoma kabla sijaacha chuo, nikaona ni mchezo wa wasomi. Hoja inakwenda hivi: madereva wawili wanafanya uzembe mmoja, barabarani kwa mmoja anatokea mtoto, kwa mwingine hatokei. Wa kwanza anaitwa muuaji, wa pili anakwenda nyumbani kula ugali. Kama tunamhukumu mtu kwa alichofanya, wote wawili walifanya kitu kimoja. Tofauti yao ni mtoto, na mtoto hakuwa mikononi mwao.

Sasa siioni tena kuwa mchezo. Maana ukiifuata hadi mwisho inatugeukia. Kama dere wa Outering ana hatia, hatia hiyo alikuwa nayo tangu Alhamisi, wakati jirani yangu anamtunza hamsini. Tulichokiita ustadi kilikuwa kosa ambalo lilikuwa halijapata mtu wa kuliangukia. Tulikuwa tunampigia makofi mtu anayerusha mawe usiku, kwa sababu hajampiga mtu bado.

Kuna rafiki yangu, amepiga skwodi miaka minne, ambaye hapendi nikiongea hivi. Anasema mimi naandika nikiwa nimekaa. Hesabu ya mwenye gari ni ileile, mvua inyeshe jua liwake. Usipofikisha, kesho funguo anapewa mwingine, na wengine wako pale steji wamejaa. Asubuhi una masaa matatu ya abiria, jioni matatu mengine, katikati ni hewa. Ukienda taratibu unapoteza tripu moja, na tripu hiyo ndiyo mshahara wako, kwa sababu zilizotangulia ni za tajiri, mafuta na barabarani. Halafu ananiuliza: Mehta alikuwa mtoto wa sukari, akikimbia alipewa kikombe. Mimi nikikimbia naletewa pingu. Mbio za tajiri ni mchezo, mbio za maskini ni kesi. Niandike hiyo.

Nimeiandika. Ana haki sehemu kubwa. Kasi ya matatu haitoki kwenye mguu wa dere peke yake, inatoka kwenye daftari la mwenye gari, na mwenye gari hayumo ndani siku ya ajali. Wakati marehemu John Michuki alipoleta sheria zake mwaka 2004, kila mtu alifungwa mkanda na matatu zikafungwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Hakuna aliyelifunga daftari. Na 80 yenyewe, katikati ya mtaa ambapo sheria inasema 50, inatosha kabisa kumuua mtoto. Kenya huzika zaidi ya watu 4,000 wa ajali za barabarani kila mwaka siku hizi, na kundi kubwa kuliko yote ni la waenda kwa miguu. Hao hawakupanda nganya. Hawakuchelewa popote.

Lakini siwezi kwenda na rafiki yangu hadi mwisho. Umaskini unaeleza kwa nini alikanyaga. Haumpi ruhusa ya kulipa deni lake kwa mwili wa mtoto ambaye ni maskini kuliko yeye. Tukisema hakuwa na hiari, tunamfanya kuwa kipuri cha gari, na mtu aliyewahi kumwona akicheza na mwanawe pale kortini jioni anajua si kipuri. Hatia tunaigawana, sawa, ila vipande havilingani. Kubwa ni cha mwenye daftari, kinafuata cha aliyeshika usukani. Cha abiria ni kidogo, lakini kipo, na ndicho pekee kilicho mikononi mwangu ninapopanda.

Narudi kwa Mike Doughty, kwa sababu watu humsahau. Msoma ramani katika rali hakai pale kama abiria. Yeye ndiye anayesema mbele kuna kona kali, mbele kuna mto, punguza. Dereva haoni ng'ambo ya kilima, anaamini sauti. Mehta hakushinda hata mara moja akiwa peke yake ndani ya gari. Tazama sasa matatu yetu. Konda naye ana lugha yake, anagonga bodi. Gonga moja dere anasimama, gonga mbili anaondoka. Nimewauliza makonda wa njia ya Umoja na wa Kayole kama kuna gonga ya kupunguza mwendo. Wote walinitazama kama nimeuliza kama kuna gonga ya kuruka angani.

Jumatatu moja, mwezi wa tatu, nilikuwa ndani ya nganya kwenye Jogoo Road, gari limejaa, dere anaovalapu, na kutoka nyuma zikaja zile sauti za kawaida za kanyaga, kanyaga. Shosho mmoja aliyekaa nyuma ya dereva, na kiondo chake magotini, akamgusa bega. "Kijana wangu," akamwambia, "mimi sijachelewa." Watu walicheka. Alishuka Hamza, mbali na alikokuwa akienda, akasimama pale steji akingoja nyingine.