Siku ya Tatu

Mwaka jana nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Sikugombea. Kwenye kikao cha kwanza mtu alisema, "Huyu anasoma masta ya mambo ya kompyuta, mpeni orodha," na mjadala ukaishia hapo. Daftari la kamati lilikuwa limeshaanza kuchanika, kwa hiyo nikahamishia kila kitu kwenye kompyuta yangu. Nilitumia PostgreSQL, hifadhidata ileile ninayoitumia kwenye utafiti wangu wa mafuriko ya bonde la Msimbazi. Nikatengeneza majedwali matatu: wachangiaji, ahadi, malipo. Kila Jumapili jioni nilisoma hali ya michango kikaoni, na kila Jumatatu asubuhi nilituma meseji za kukumbushana.

Mweka hazina alikuwa mama mdogo. Kikao cha tatu alivaa miwani, akapitia karatasi ya bajeti, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo programu yako tumeilipia shilingi ngapi? Siioni hapa."

"Ni ya bure, mama mdogo."

"Bure imetoka wapi?"

"Watu wameiandika wakaiacha wazi. Yeyote anatumia."

Akanitazama kama anavyomtazama mpambaji aliyetaja bei ndogo kupita kiasi. "Hakuna cha bure. Ukiona hujalipa, ujue kuna mwenzio kalipa."

Wajumbe wakacheka, tukaingia kwenye bei ya vinywaji. Mimi nilibaki na swali lake. Nilikuwa nimekitumia kitu hicho kwa miaka minne bila kujiuliza hata siku moja nani kakilipia.

Nilipoanza kutafuta, niligundua kwamba mlipaji wa kwanza alikuwa mlipa kodi wa Marekani. Mradi wa POSTGRES ulianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, kwa fedha za serikali, zikiwemo za taasisi za utafiti za jeshi. Mwaka 1994, kabla sijazaliwa, wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliuongezea lugha ya SQL. Mwaka 1996 ukapata jina la PostgreSQL, na tangu hapo umeshikiliwa na watu waliotawanyika duniani. Wengi wa waandishi wake wakuu leo hulipwa mshahara na kampuni zinazouza huduma juu ya programu hiyo. Wengine hutoa usiku wao. Mikutano ya mwaka huandaliwa na vyama visivyotafuta faida, kwa viingilio na fedha za wadhamini.

Leseni yake haijazi ukurasa mmoja. Unaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha, hata kuiuza, ilimradi usiondoe tamko la hakimiliki. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba urudishe chochote. Kisheria, basi, sidaiwi hata senti. Lakini mama mdogo hakuwa anauliza habari za sheria. Alikuwa anauliza kama mtu anaweza kula miaka minne kwenye sahani ambayo hajui kaiandaa nani, na akabaki mtu mwema.

Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu. Zawadi ni zawadi. Nikikupa maembe ya mti wangu bila sharti, kisha mwakani nikakuletea ankara, mwenye kosa ni mimi. Tena programu haifanani na chakula cha harusi. Sahani za pilau zinahesabika, ndiyo maana mlangoni anasimama mtu wa kukagua kadi. Nakala yangu ya PostgreSQL haimpunguzii mtu yeyote nakala yake. Kama hakuna anayepungukiwa, deni linatoka wapi?

Ni jibu zuri, hasa kwa mwanafunzi asiye na hela. Lililoniharibia jibu hili ni tukio la Machi 2024. Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya hifadhidata hiyo akaona kuingia kwenye seva kwa mbali kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Akafuatilia nusu sekunde hiyo mpaka akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux. Mlango ule ungeenea, mwenye ufunguo angeweza kuingia kwenye seva zisizohesabika.

Jinsi ulivyoingizwa ndiko kulikoninyima usingizi. Programu ya xz ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja kwa miaka mingi, bila mshahara. Mwaka 2022 aliandika wazi kwamba afya yake ya akili imemrudisha nyuma, na kwamba ile ni kazi ya kujitolea tu. Watu walikuwa wakimlalamikia kuwa anachelewa. Akajitokeza msaidizi mpole, mwenye bidii, aliyetumia jina ambalo mpaka leo halijulikani ni la nani. Akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akakabidhiwa funguo, kisha akaweka mlango wake.

Basi kuna kinachopungua. Nakala haziishi, ila mtu anayezitunza anachoka. Kila aliyemlalamikia bila kumsaidia alimega kidogo, na mimi, niliyekuwa sijui hata kama yupo, nilikuwa mezani na wengine. Dunia nzima ilikuwa ikila pale, na aliyeonekana kunyoosha mkono kusaidia alikuwa mwizi.

Wazee wetu walilijua tatizo hili bila kompyuta. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaitumia kama mzaha wa kumfukuza mtu, lakini ukiisikiliza vizuri ina huruma. Siku mbili za kwanza mgeni hadaiwi kitu, na kumdai ni utovu wa adabu. Siku ya tatu hafukuzwi. Anakabidhiwa jembe kwa sababu sasa anahesabiwa kuwa mtu wa nyumbani.

Swali likawa rahisi kidogo kwangu: siku ya tatu inafika lini, na jembe ni lipi?

Kwa kampuni kubwa zinazokodisha hifadhidata hizi kwa saa, siku ya tatu ilishafika zamani. Hata kwa serikali zetu imefika. Mfumo wa DHIS2, unaobeba takwimu za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, umekaa juu ya PostgreSQL. Idadi ya kina mama waliojifungua katika zahanati ya kijijini inategemea kazi ya watu ambao hatujawahi hata kuwasalimia.

Lakini mwenye jembe la dhahabu naye ana hatari yake. Kila aliyekaa kwenye kamati ya harusi anamjua mchangiaji mkubwa anayetaka kuchagua ukumbi, mshereheshaji, na ikibidi bibi harusi. Kwenye hifadhidata imetokea. MySQL ilikuwa mali ya kampuni moja. Mwaka 2008 iliuzwa kwa Sun kwa dola bilioni 1, na mwaka 2010 Sun yenyewe ikamezwa na Oracle. Mwanzilishi wake, Michael Widenius, alikuwa ameshatoka na nakala ya msimbo kuanzisha MariaDB. Machi 2024 wenye Redis walibadilisha leseni, na ndani ya siku chache waliokuwa wakiijenga pamoja nao wakahamia kwenye mradi mpya, Valkey. Shamba likiwa na mwenye hati mmoja, wenye majembe wanaweza kuamka asubuhi wakakuta uzio.

PostgreSQL haina mwenye hati wa namna hiyo. Ina kamati ndogo ya uongozi yenye desturi kwamba waajiriwa wa kampuni moja wasizidi nusu ya wajumbe. Mwaka 2020 kampuni mbili zilipoungana na mizani ikalemea upande mmoja, wajumbe wapya waliongezwa. Fedha za kampuni zinapokelewa na watu wake wanapokelewa. Kiti cha kichwa cha meza ndicho hakiuzwi.

Hapo nikadhani nimemaliza. Anayepata faida alipe, anayelipa asimiliki, mwanafunzi asubiri apate kazi. Kisha harusi ikafika.

Wiki mbili kabla, kamati iliniagiza nitoe majina ya walioahidi wasilipe chochote, ili wasiandikiwe kadi. Niliandika amri ya mstari mmoja, yakatoka majina 11. Mmoja alikuwa jirani yetu, fundi umeme, aliyeahidi elfu hamsini. Nilijua kwamba kazi zilikuwa zimemkauka tangu mwanzo wa mwaka. Niliyasoma majina yote 11 kwa sauti ileile, nikaona nimetenda haki.

Usiku wa kuamkia harusi, taa za uani kwa baba mkubwa zilizima na jenereta likagoma, wageni wa kutoka mkoani wakiwa gizani na masufuria jikoni. Jirani alikuja na mwanawe na boksi la vifaa. Walifanya kazi mpaka saa saba usiku. Hakuna aliyemlipa, na yeye hakutaja malipo. Kesho yake, ukumbini, nikiwa mlangoni na orodha yangu, nilikumbuka kwamba hana kadi. Nilipiga simu yake mara mbili. Haikupokelewa.

Jedwali langu lilikuwa sahihi kabisa. Nililitengeneza mwenyewe, na nililipa safu moja tu ya kupimia mchango, safu ya shilingi. Mtu aliyetuondoa gizani alikuwa na sifuri kwa sababu sikumwachia mahali pengine pa kuandikwa.

Baadaye nilikuta mahali wenzetu walipolitatua hili kuliko mimi. Kila toleo kubwa la PostgreSQL linapotoka, mwishoni mwa maelezo yake huwekwa orodha ya majina ya waliochangia: walioandika msimbo, walioukagua, walioujaribu, hata aliyeripoti hitilafu tu. Yamepangwa kwa alfabeti, bila kiasi mbele ya jina. Tena wana desturi kwamba ukileta kazi yako ikaguliwe, nawe ukague ya mwenzako. Aliyewahi kwenda msaragambo hahitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, wao pia wana safu inayokosekana. Watunzi wa hifadhidata hii walikutana Ottawa kila mwaka kwa miaka mingi, na 2024 wakahamia Vancouver. Mijadala iko wazi kwa yeyote mwenye barua pepe, lakini kuaminiana hujengwa kwa kukaa meza moja na chai. Kati ya mwanafunzi wa Dar es Salaam na meza hiyo kuna nauli, na kuna viza ya Kanada ambayo unaweza kunyimwa baada ya kuilipia. Mtu ananipa jembe huku ameshikilia mpini.

Najua inawezekana vinginevyo. Agosti 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika hapa Dar es Salaam, mara ya pili tu barani Afrika baada ya Cape Town mwaka 2008. Wamo humo watunzi wa PostGIS, nyongeza inayoiwezesha PostgreSQL kuelewa mahali. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, sikujua kinachoendelea. Lakini wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Ardhi walikuwa wameshapita kata zetu tangu 2015 na mradi wa Ramani Huria, wakichora mitaro na nyumba za mabondeni na kuziweka kwenye OpenStreetMap. Utafiti wangu umesimama juu ya mitaro ile. Hawakuchangia shilingi. Walichangia miguu yao, na wakafikiwa na mkutano nyumbani kwao. Kwa hiyo nikiulizwa fedha za wadhamini ziende wapi, nitasema sehemu yake iende kwenye kusogeza meza.

Najihadhari na jambo moja. Kusema "nitachangia kazi" ni kimbilio zuri la mtu ambaye hatachangia kitu, na nimelitumia. Kwa hiyo mwaka huu nilichukua toleo la majaribio kabla halijatoka rasmi, nikaliendeshea data yangu ya Msimbazi usiku mzima, nikaandika nilichokiona. Jumamosi nawafundisha vijana wa mwaka wa kwanza kuchora ramani. Ni kidogo, na hakuna aliyenidai.

Kwa jirani nilikwenda wiki iliyofuata harusi. Nilimkuta kibarazani anafungua feni. Nikamwamkia, nikaanza kueleza habari za kadi na orodha. Hakuinua uso.

"Taa ziliwaka mpaka asubuhi?"

"Ziliwaka, baba."

"Basi vizuri. Nishikie hapa."

Nikashika ile feni mpaka alipomaliza kukaza skrubu.