Tiketi Si Visa

Muhula wa baridi katika vyuo vikuu vya Ujerumani huanza tarehe 1 Oktoba na kuisha 31 Machi, ingawa vipindi vya darasani humalizika katikati ya Februari. Hapo ndipo vijana wetu waliokwenda kusoma kwa muhula mmoja hujiona huru. Mitihani imekwisha, akiba kidogo ipo, mabasi ya usiku ni ya bei nafuu. Kisa cha binti mmoja wa Tanga kiwe funzo kwao.

Binti huyu alisoma Frankfurt, na visa yake ilikuwa inaisha 31 Machi. Tiketi ya kurudi nyumbani ilikuwa ya tarehe 28. Akalipia nyongeza, ikasogezwa hadi 2 Aprili ili apate siku za kutembea. Aliamini kwamba mwenye tiketi ya kurudi hasumbuliwi na mtu. Masanduku yake mawili akamwachia mwanafunzi mwenzake, akaondoka peke yake na begi la mgongoni: Prague, Vienna, Ljubljana, mpaka Split kwenye pwani ya Kroatia. Kroatia iliingia katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida wa mipakani baina yao, tarehe 1 Januari 2023, na njia nzima hakuna aliyemwomba pasipoti. Akazoea.

Kutoka Split akapanda basi kwenda Mostar, Bosnia. Mpakani pasipoti ikagongwa muhuri, naye hakujiuliza kwa nini. Bosnia haimo katika Schengen. Humruhusu mwenye visa hai ya nchi za Schengen ya kuingia mara nyingi akae kwa muda mfupi, ndiyo maana alipita. Mji ukamkaa moyoni. Aliliona daraja la mawe lililojengwa mwaka 1566, likabomolewa kwa mizinga vitani Novemba 1993, kisha likajengwa upya na kufunguliwa 2004. Jioni adhana zilisikika kutoka minara ya kando ya mto Neretva, akajihisi yuko kwao. Alikuwa amepanga kulala usiku mmoja, akalala minne.

Asubuhi ya 1 Aprili basi likasimama mpakani. Askari wa Kroatia akafunua pasipoti ukurasa baada ya ukurasa, akafika kwenye visa, akaweka kidole juu ya tarehe. Binti akatoa simu kumwonyesha tiketi: ndege ni kesho. Askari akatikisa kichwa. Begi lake likashushwa, basi likaondoka na abiria wengine, naye akarudishwa upande wa Bosnia.

Usiku akapiga simu nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keshokutwa tuje kukupokea saa ngapi?"

Akakosa la kujibu. Mama akakopa kwenye kikoba, ikanunuliwa tiketi mpya kutoka Sarajevo kupitia Istanbul. Ile ya Frankfurt ikapotea, na masanduku yakabaki Ujerumani. Bima yake ya afya ya mwanafunzi nayo ilikuwa imekoma pamoja na muhula. Angeugua siku zile, gharama zingemwangukia mama huyo huyo.

Na hata asingekanyaga Bosnia, kosa lilikwishafanyika siku alipoisogeza tiketi. Kubaki Ujerumani hadi 2 Aprili kungekuwa kuzidisha muda, na kosa hilo laweza kumnyima mtu visa nyingine miaka ya mbele.

Wahenga wa pwani walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi safari ipangwe kuanzia kwenye marejeo. Kabla ya kukata tiketi ya basi, andika tarehe nne kwenye karatasi moja: mwisho wa visa, wa bima, wa chumba, na siku ya ndege. Ile inayotangulia ndiyo mwisho wa safari yako. Anza na miji ya mbali, malizia na ule utakaoondokea. Hakikisha kila nchi unayokwenda imo Schengen au haimo, na soma kwenye visa yako umeruhusiwa kuingia mara ngapi. Kama ni mara moja, ukitoka umetoka. Ukihitaji siku zaidi, nenda ofisi ya uhamiaji ya mji wako wiki kadhaa kabla visa haijaisha. Ratiba yako mwachie mtu wa nyumbani.

Nendeni mkaione dunia, vijana. Lakini tarehe ya visa isomeni wenyewe kabla askari wa mpakani hajawasomea.