Je, Ni Dhambi Kuandika "Ninaijua"?

Jumuiya yetu hapa Idete hukutana Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajatawanyika kwenda mashambani. Asubuhi moja, baada ya sala na matangazo, kijana mmoja aliomba ruhusa ya kusema neno. Sote tunamfahamu. Tulimchangia alipokwenda chuo, na mama yake aliuza magunia ya mpunga ili apate kompyuta mpakato. Alihitimu stashahada ya ujenzi, akarudi nyumbani, akakaa karibu mwaka mzima akisaidia shambani. Sasa alikuwa ameona tangazo la kazi ya kuchora ramani za majengo katika ofisi moja ya mjini. Sifa zote zilizotakiwa alikuwa nazo, isipokuwa moja: mwombaji awe anaijua vizuri programu ya ArchiCAD. Yeye chuoni alifundishwa AutoCAD. Siku za kutuma maombi zilikuwa zimebaki 19.

"Shikamooni wazazi wangu," alisema. "Rafiki yangu ananishauri niandike tu kwamba ninaijua, halafu nitajifunza nikishaitwa. Tena amenipa flashi yenye programu hiyo, imeshavunjwa kufuli, hailipiwi. Nauliza, ni dhambi?"

Tunaandika haya, ndugu msomaji, kwa sababu hatukuweza kumjibu siku ile ile. Mama mmoja alisema, "Mwanangu, andika, Mungu atakufungulia njia." Mzee wetu ambaye ni fundi seremala akatikisa kichwa. Katekista aliomba tukalifikirie swali hilo kwa wiki moja. Tukalifikiria, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza tulimwomba kijana atueleze hiyo programu ni kitu gani, maana si vema kuhukumu jambo usilolijua. Akafungua kompyuta yake juu ya benchi. Alituambia kuwa katika AutoCAD, kwa namna alivyofundishwa yeye, mtu huchora mistari kama anavyochora kwa rula na kalamu. Mistari miwili ikiwa sambamba, jicho la mchoraji ndilo linalojua kwamba ule ni ukuta. Programu ile nyingine, iliyoanzia Budapest nchini Hungaria katika miaka ya 1980, ina njia tofauti. Humo huchori mistari, unajenga. Unaweka ukuta wenye unene, urefu na aina ya tofali. Unaweka dirisha ndani ya ukuta, na paa juu yake. Kisha ramani ya chini, mwonekano wa mbele na mchoro wa jengo lililokatwa katikati vyote hutoka katika jengo lile lile moja. Ukisogeza dirisha mahali pamoja, linasogea kila mahali.

"Kwa hiyo," alisema, "ugumu wake si wa vitufe tu. Inabidi niache namna niliyozoea kufikiri."

Hapo tuliona kwamba si suala la kijana kukataa kujifunza. Alikuwa tayari kujifunza. Swali lilikuwa aseme nini kabla hajajifunza.

Tuanze na hoja ya rafiki yake, nayo tuitendee haki, kwa kuwa ina nguvu. Rafiki huyo alisema hivi: matangazo ya kazi yenyewe hutia chumvi. Ofisi huomba ujuzi wa programu nne wakati kila siku wanatumia moja. Waombaji wengine wote wataandika "ninaijua vizuri." Basi kijana wa Idete akisema kweli, hatakuwa ameufanya ulimwengu uwe mwema, atakuwa amemwachia nafasi yule asiyesema kweli. Na maskini ndiye anayeumizwa zaidi na ukweli, kwa kuwa hana mjomba wa kumpigia simu.

Hatuna jibu rahisi kwa hoja hiyo. Biblia yenyewe haijifanyi kwamba uongo haufanikiwi kamwe. Wagibeoni, kama tunavyosoma katika kitabu cha Yoshua, waliogopa kuangamizwa, wakavaa viatu vilivyochakaa na kubeba mkate uliokauka, wakasema wametoka nchi ya mbali. Wakaaminiwa, wakafanyiwa agano, wakaishi. Kwa lugha ya leo tungesema walitengeneza wasifu wa uongo na wakapata nafasi. Lakini soma mbele kidogo. Baada ya siku tatu ukweli ulijulikana, na tangu hapo wakawa watu wa kukata kuni na kuteka maji. Walipata walichokiomba, ila ndani yake walikaa kama watu waliokwisha kujulikana. Kijana wetu angeweza kupata kiti katika ofisi ile. Lakini kila mara mkubwa wake anaposogea nyuma yake angeshtuka, na kila swali ambalo mgeni katika kazi ana haki ya kuuliza lingekuwa hatari kwake. Mtu aliyesema "ninajua" hawezi tena kusema "nifundisheni." Tunadhani hasara hii ni kubwa kuliko kukosa mshahara, kwa sababu inamfungia mtu mlango wa kujifunza, na kujifunza ndiko kulikompeleka pale.

Jambo la pili ni kwamba ramani si karatasi tu. Wengi wetu tuliwahi kuuvuka mto Kilombero kwa kivuko, tukikaa ng'ambo na wagonjwa na mizigo kusubiri zamu. Tangu 2018 tunapita juu ya daraja lenye urefu wa mita 384. Anayelivuka usiku akiwa na mama mjamzito ndani ya gari hamuulizi mchoraji alijifunza lini kazi yake. Anamwamini mtu ambaye hatamwona kamwe. Na tarehe 16 Novemba 2024 tulisikia jinsi ghorofa lilivyoporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Hatusemi kwamba janga lile lilitokana na programu au na mchoraji. Tunasema tu kwamba lilitukumbusha nyumba ni kitu gani: ni uzito mkubwa unaoning'inia juu ya vichwa vya watu waliolala. Ndiyo maana nchi yetu ina Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ili anayejiita mjuzi apimwe na wajuzi wenzake. Neno "ninaijua" katika kazi hiyo ni ahadi kwa wageni.

Lakini kujua kuna ngazi, na hapa mzee seremala alitusaidia. "Mtu akiniuliza kama najua kutumia randa ya umeme," alisema, "siwezi kujibu ndiyo wala hapana. Nitamwambia: randa ya mkono nimeishika miaka 30, ya umeme nimeigusa wiki mbili, nipe ubao uone." Kumbe kati ya "ninaijua vizuri" na "siijui" kuna nafasi kubwa, na humo ndimo wanyofu wengi wanamoishi. Kijana wetu hakulazimika kuchagua kati ya uongo na kujidharau. Kujidharau nako si unyenyekevu. Ukificha talanta uliyopewa kwa kuogopa, hujasema kweli bado.

Ikabaki ile flashi. Kijana alijitetea: "Kampuni haipotezi kitu. Kununua nisingeweza kamwe. Basi nimeiba nini?" Tulinyamaza, na tuseme wazi kwa nini. Tulinyamaza kwa sababu katika simu zetu na redio zetu zimejaa nyimbo za kwaya tulizonakili kutoka flashi ya jirani. Kwaya hizo zililipa studio, zilishona sare, zilisafiri, nasi hatukuwapa hata shilingi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda nyimbo na programu za kompyuta kwa pamoja. Tungewezaje kumnyoshea kijana kidole kimoja?

Basi tulijibu kama wenzake katika kosa, si kama waamuzi. Tulimwambia kwamba yule aliyeitunga programu naye alikesha, naye ana watoto. Umaskini wetu unapunguza lawama, lakini haugeuzi kitu cha mtu kiwe chetu. Tena mzee akauliza swali la kawaida kabisa: "Hakuna njia nyingine?" Kijana akaenda kutafuta, na njia ilikuwepo. Wenye programu hiyo huiruhusu kwa majaribio ya siku 30 bila malipo, na wanafunzi wa vyuo hupewa leseni ya bure kwa ajili ya masomo. Yeye alikwisha kuhitimu, hivyo ya wanafunzi hakustahili. Lakini siku 30 zilikuwa zake kwa haki, na tangazo lilikuwa bado na siku 12. Tena zipo programu kama FreeCAD, ambazo watungaji wake wamezitoa bure kwa watu wote. Humo mtu anaweza kuendelea kuzoea kujenga badala ya kuchora mistari. Mara nyingi tunakimbilia mlango wa nyuma kabla hatujasukuma wa mbele.

Alikwenda Ifakara kwa shangazi yake, akaipakua programu usiku, wakati bando ni nafuu. Kisha akarudi akatuomba tumsaidie kupima kanisa letu la kigango. Tulishika tepu ya kupimia, mmoja huku na mwingine kule, watoto wakisoma namba kwa sauti. Alikosea mara nyingi. Siku moja paa lilikaa chini ya madirisha, akacheka mwenyewe. Siku nyingine alilala na njaa ya hasira kwa sababu umeme ulikatika kabla hajahifadhi kazi. Siku ya kumi alituonyesha kanisa letu ndani ya kioo, na tuligundua jambo ambalo miaka yote hatukuliona: ukuta wa mashariki umekwenda upande kwa karibu upana wa kiganja. Fundi aliyeujenga alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi. Akasema, "Kweli, kamba ililegea siku ile." Tukacheka naye.

Katika barua yake aliandika kwamba AutoCAD anaijua vizuri kwa masomo na mazoezi ya chuo. Kwamba ArchiCAD amejifunza mwenyewe kwa siku kumi. Na kwamba anaambatanisha ramani ya kanisa la kijijini aliyoipima na kuichora katika siku hizo, ili waone kiwango chake.

Hakuitwa.

Tungependa kuandika vingine, ndugu msomaji, lakini insha kuhusu ukweli isianze kudanganya mwishoni. Wiki ziliendelea kupita bila jibu, na mama yake hakuuliza kitu, ila tulimwona. Hapo dhamiri zetu zilitusumbua. Sisi tulikuwa tumemshauri aseme kweli, naye alilipa gharama peke yake. Kushauri unyofu ni rahisi kwa mtu ambaye si yeye anayetafuta kazi.

Hatujabadili ushauri wetu. Bado tunaamini alifanya vema, hata bila malipo. Lakini tumeona kwamba swali lake lilikuwa na nusu ya pili ambayo ilituhusu sisi. Katika kitabu cha Kutoka, Bezaleli anatajwa kuwa amejazwa Roho wa Mungu, na kazi aliyojaziwa Roho ni ya ufundi: kubuni, kuchonga, kufua dhahabu na shaba. Tumelisoma hilo mara nyingi. Tulichokuwa hatujakitilia maanani ni kwamba baadaye inaongezwa kuwa yeye na Oholiabu walipewa pia moyo wa kufundisha wengine. Na watu wote walileta vifaa, hata ikabidi waambiwe waache, maana vilizidi. Ujuzi ulikuwa wa mmoja, lakini mzigo wake ulibebwa na taifa zima.

Kwa hiyo jumuiya imeamua mambo mawili madogo. La kwanza, kila mwezi tunatenga sehemu ya sadaka ya jumuiya kwa ajili ya bando na nauli ya kijana yeyote anayejifunza ujuzi wa kuombea kazi, ili asisukumwe na umaskini wake kwenda kwenye flashi ya wizi. La pili, kijana wetu anawafundisha wadogo zake watatu jioni za Jumapili, kwa kompyuta ile ile ya magunia ya mpunga. Yeye mwenyewe anaendelea kuomba kazi, na katika kila barua anabadilisha namba ile: siku kumi, kisha mwezi mmoja, sasa miezi minne.

Na zile nyimbo za kwaya? Bado tunajadiliana. Wengine wamezifuta na kuzinunua upya. Wengine bado tunazo. Mungu atujalie tusimwombe kijana wetu unyofu ambao sisi wenyewe hatujauanza.